Baba, Nilitazama Kimo Tu

Baba,

Mama amekataa kumeza dawa za tension, za shinikizo la damu, na mimi ndiye niliyemfanya akatae. Hii ni wiki ya tatu. Nimemwomba, nimemkaripia, nimemletea padri, nimelia mbele yake kama mtoto mchanga, na hakuna kilichosaidia. Katika nyumba hii mtu aliyeweza kumgeuza Mama alikuwa mmoja tu, nawe umelala kule makaburini. Ndiyo maana nakuandikia. Sijui karatasi hii itakufikiaje, ila nimechoka kuwaza peke yangu.

Nikupe kwanza habari za hapa. Tangu tukuzike, saa yako ya fizikia haina mwalimu, wanafunzi wanapewa katekisimu. Njia ya Beni inafunguliwa siku mbili, inafungwa wiki nzima. Malori ya viazi kutoka Masereka yanafika hapa Butembo nusu tupu, maana kila kizuizi kina askari wenye njaa. Watu wa mtaa bado wanakutaja kama mwalimu wa ndege, ingawa ulikuwa ukiwaambia kila siku kwamba hukuwa rubani. Kule Kinshasa ulikaa nyuma ya marubani ukichunga saa za injini, mpaka ulipokuja kumzika mama yako na vita ikakata nchi nyuma ya mgongo wako. Ulikuwa umeomba ruhusa ya wiki mbili.

Kila mwaka wanafunzi walikuuliza swali lile lile: ni kweli ndege inajiendesha? Mimi nikifundisha wadogo chumba cha pili, nilikuwa nawanyamazisha wangu ili nikusikie. Ulichora ndege ubaoni, ukasema ndani yake kuna wafanyakazi wawili wasiokula wala kulala. Wa kwanza ni pilote automatique. Ana vyombo vya kuhisi kama ndege imeinama au imepanda, na kila mara anajiuliza: niliambiwa nini, na sasa niko wapi? Majibu yakitofautiana, anatuma mota zisogeze vibao vya mabawa na vya mkia mpaka tofauti iishe. Kapteni anazungusha kitufe tu: elekea huku, kaa kwenye kimo hiki. Wa pili ni automanette, na kazi yake ni mwendo. Ndege ikipunguza mbio, anasukuma mbele vishikio vya injini, ikizidisha, anavirudisha. Ulituigizia jinsi vishikio vile vinavyosogea bila mkono wa mtu, na wasichana wa mbele wakajifunika midomo.

Ili waelewe, uliwaambia wafikirie chukudu ya mbao, magurudumu mawili, iliyojaa kabichi ikipanda mlima wetu: mmoja mbele ameshika usukani, mwingine nyuma anasukuma. Kisha ukakiri kwamba mfano wako unachechemea, maana chukudu haiwezi kuinua pua. Ndipo ulipowasimulia ile safari.

Siku ile, angani, marubani walikuwa wamemzima yule wa nyuma, automanette, ili washike vishikio wenyewe, halafu wakasahau kumrudisha kazini. Yule wa mbele alikuwa ameambiwa alinde kimo, naye akakilinda. Injini zilikuwa na nguvu kidogo mno, mwendo ukaanza kupungua. Kila ndege ilipotaka kushuka, yeye aliinua pua kidogo. Pua ikiinuka, upepo unaizuia zaidi, mwendo unapungua tena, naye anainua tena. Hakuna kilichotikisika. Abiria walikuwa wanakunywa chai. Saa ya kimo ilionyesha namba ile ile, na haikuwa na kosa lolote. Wewe uliona penseli yako ikibingirika yenyewe kuelekea mkiani, ukatazama saa ya mwendo, ukapaza sauti. Kapteni akashusha pua, akasukuma injini, mkafika salama.

"Machine haina bongo, inatii tu," ulisema. "Itashika kimo mpaka mabawa yakose hewa. Donc, muangarie vitesse, hapana altitude tu."

Tutazame mwendo, si kimo tu: maneno hayo niliyasikia miaka yote niliyofundisha pale. Na bado niliishi nawe nyumba moja nisione.

Ninyi wawili mlikuwa na tension, na vidonge vilitoka Beni kwa shangazi, dada yako muuguzi, aliyevituma kwa madereva wa malori. Kila asubuhi, chai ikiwa mezani, wewe ndiye uliyefungua pakiti. Kidonge kimoja kwenye kiganja cha Mama, kisha kiganja chako mdomoni, maji, halafu neno lako, "Voilà." Nilikuona kila siku. Sikujua kwamba tangu Kwaresima kiganja chako kilikuwa kitupu.

Mimi nilitazama kimo tu. Tai imefungwa, ndevu zimenyolewa, una mzaha kwa kila mtu, nikasema Baba yuko sawa. Tukirudi kutoka shuleni, kwenye kila kona ya mlima ulisimama kumsalimia mtu. Ulimwuliza habari za mbuzi, za mkwe, za maharagwe. Nilidhani ni kupenda watu, na siku nyingine nilinuna kwa sababu tulikuwa tunachelewa kupika. Kumbe ulikuwa unatafuta pumzi. Ulipoanguka mbele ya ubao, mimi nilikuwa chumba cha pili nikiwafundisha watoto wimbo. Hukusema neno tena mpaka ulipotuacha Jumapili.

Kwenye kilio shangazi alinivuta nyuma ya jiko, akaniuliza tulikuwa tunagawanaje dawa, maana tangu njia iharibike alikuwa anapata za mtu mmoja tu. Niliapa kunyamaza, na nilinyamaza mpaka matanga yalipoisha. Lakini Mama akaanza, siku moja moja, kurudisha kidonge kwenye pakiti. Alisema wewe ulimeza kila siku na bado ulikufa, sasa yeye anameza ya nini. Nikaona ukweli utamfungua mdomo. Nikamwambia hukumeza, ulimwachia yeye. Ndilo kosa langu, Baba, na silali kwa sababu yake. Alikaa chini karibu na moto.

"Donc miye njo nilimukula," alisema, yaani yeye ndiye aliyekula uhai wako.

Tangu siku hiyo hajameza hata kimoja.

Ungemwona ungesema ni mzima. Anawahi misa ya kwanza, analima, anapokea wageni kwa kicheko, akiulizwa anajibu yuko muzuri. Ila sombe, majani yetu ya muhogo, anaitia chumvi mara mbili, na akiinuka anashika kwanza mlango. Juzi tulikuwa tunapanda mlima kutoka kanisani. Kwenye kona alisimama akamsalimia mwanamume mmoja kwa furaha, akamwuliza habari za nyumbani. Tulipoendelea nikamwuliza yule ni nani. Hakumjua.

Nakukasirikia, Baba. Acha niseme, maana siwezi kulisema hili kwa mtu mwingine. Ulitufundisha kwamba yule wa mbele akiachia kazi kuna kengele inayolia, ili binadamu ajue ni zamu yake kushika. Yako uliifunga kitambaa isilie. Kwa nini hukuniambia hata mimi? Ningetembea kwa miguu mpaka Beni. Ningekata kila kidonge katikati. Labda nusu ingewabakiza wote wawili, labda ingewaua wote wawili. Sijui, na hakuna wa kunijulisha. Ulimpenda Mama mpaka ukamwachia mzigo ambao hawezi kuubeba. Nami nikaupigilia msumari.

Dawa zipo. Shangazi ametuma pakiti nyingine, nzima, imefika bila kuguswa. Iko mezani, na Mama anapita kando yake akipangusa meza.

Leo asubuhi niliacha kumhubiria. Niliweka chai, nikafungua pakiti, nikaweka kidonge kwenye kiganja chake. Sikukutaja. Nilimwambia tu, "Mama, miye nitabakia na nani?" Alifunga ngumi, akabeba jembe kwa mkono mwingine, akaenda shambani. Hakukimeza, ila kwa mara ya kwanza hakukirudisha.

Pumzika, Baba, ukiweza. Nakuahidi kwamba kesho nitamwekea kingine, na kesho kutwa kingine, hata anichukie. Sitamwuliza tena kama yuko muzuri. Nitamtazama anavyopumua, na nitakaa mezani mpaka nione kidonge kimeshuka kooni. Nikishindwa, nitakuja kukuambia mwenyewe pale kaburini, nikiwa nimesimama.

Nasikia jembe linawekwa mlangoni. Ameingia. Anaomba maji.

Labda ni ya kumezea kidonge, labda ni kiu ya jua tu. Naacha kalamu, Baba, nampelekea.

Masika wako