Chuma Kikisimama

Jumamosi, 5 Oktoba 1963

Wajinga wamejaa bandani leo. Kumi na mmoja! Zamani tulikuwa wanne na hewa ilitosha. Sasa kila mwenye shati la mikono mifupi Timbwani anataka kifua kipya cha kupokelea Uhuru. Wamesikia kwamba tarehe kumi na mbili Desemba, Likoni na Changamwe watashindana uwanjani kunyanyua vyuma kwa kulala chali, basi wote wameamka.

Niliyoyaona niyaandike hapa, maana kuwaambia ni kupoteza mate. Mmoja amelala kwenye benchi miguu inaning'inia, haigusi chini. Wa pili anakiachia chuma kimwangukie kifuani kidunde, kirudi juu chenyewe. Ati ndiyo nguvu! Huko ni kuzitumia mbavu zako kama springi za gari. Wa tatu viwiko kavitanua sawasawa na mabega. Huyo ataumia bega kabla ya sherehe, na atasema amerogwa.

Kisha Kalama. Hamali wa bandarini — mimi ndiye karani ninayehesabu magunia anayoteremsha. Ana nguvu kuwashinda wote, nakubali shingo upande. Lakini anashika chuma kidole gumba kikiwa nje, kimelala pamoja na vidole vingine. Nikamwuliza nani kamfundisha. Akasema ndivyo gunia linavyoshikwa: likigeuka, unaliacha liende na wewe unaruka. Miaka kumi na tano gatini, hajavunjika hata ukucha.

Nikamwambia: umelala chali, mwenzangu, utarukia wapi?

Wote wakacheka. Yeye naye akacheka, baada ya kufikiri.

Jumanne, 8 Oktoba

Mambo ya mahamali haya! Leo kijana mmoja kalaliwa na chuma kifuani, uso umegeuka rangi. Na mwenzake amesimama pale pale kichwani, mikono imening'inia, anamtazama. Nikakimbia nikakiondoa. Nikamfokea yule aliyesimama. Jibu lake: “Hakusema Pokea.”

Kumbe ndiyo desturi yao. Mzigo wa mtu haushikwi mpaka mwenyewe aseme neno hilo. Ukiushika kabla, umemwita dhaifu mbele ya watu, na mnaweza kununiana mwaka mzima. Gatini sawa. Lakini mtu mwenye ratili mia na hamsini juu ya pumzi yake atasemaje?

Nimepanda juu ya sanduku nikatangaza sheria. Tangu leo anayesimama kichwani ni mimi, na mimi singoji neno. Chuma kikisimama katikati ya njia, nachukua. Wala hakitaki nguvu nyingi — chuma kilichokwama chataka vidole viwili tu vya mtu mwingine ili kiendelee. Wafula, fundi wa feri na katibu wetu, akaiandika daftarini kwa hati yake nzuri ya shule ya misheni. Kuandika anajua. Kunyanyua, Mungu amsaidie.

Kalama hakupenda. Alisema polepole, “Mzigo wangu, Bwana Karani, mimi ndiye nijuaye.”

Nikamwambia benchi si gati.

Jumapili, 13 Oktoba

Nimefundisha tangu asubuhi. Nimechoka kusema maneno yale yale kwa watu wale wale. Nyayo chini, zisitikisike. Mabega yavutwe nyuma na kubanwa kama unataka kukamata shilingi kwa mgongo. Kifundo cha mkono kinyooke. Gumba lizunguke. Chuma kishuke taratibu mpaka chini ya chuchu, si shingoni! Kitulie hapo hesabu ya moja, ndipo kipande. Na anzeni na chuma kitupu kabla ya kuning'iniza magurudumu ya toroli.

Wanaitikia. Nikigeuka, mbavu zinadunda.

Bega langu la kulia lina maumivu kidogo. Kosa langu mwenyewe: jana niliwaonyesha bila kupasha moto. Hakuna ajuaye, na hatajua.

Jumamosi, 19 Oktoba

Kalama leo ratili mia mbili na ishirini. Sawa na mimi. Mimi imenichukua miaka sita, na majarida niliyoachiwa na baharia Mgiriki, na mayai mabichi ambayo Mwanakheri mke wangu hataki hata kuyatazama. Kalama ni muhogo na dagaa. Na gumba nje! Nikiwa karibu analizungusha, nikigeuka analitoa.

Walimbeba mabegani. Wafula kapendekeza kwamba Kalama ndiye akasimame kwa ajili ya Likoni. Hakumaliza kusema, aliniona uso. Tutaamua Jumamosi ijayo, kwa chuma.

Mtu asiyejua hata jina la mfupa mmoja wa bega lake.

Jumamosi, 26 Oktoba

Kalama ameumia. Mfupa wa mtulinga wa kushoto umevunjika, na ubavu mmoja. Ilikuwa ratili mia mbili na thelathini. Chuma kilimtoka mkononi. Gumba lilikuwa nje. Tulimwambia.

Jumapili, 27 Oktoba

Dresa wa hospitali kamfunga bandeji na kumrudisha nyumbani. Wiki sita asinyanyue kitu, na gatini asahau mpaka mwakani.

Wafula kaja na daftari lake. Aliniuliza, kwa adabu, kama kawaida yake, aandike nini. Nikasema aandike: alishika bila gumba. Akaandika. Kisha akaniuliza mbona sikukipokea. Mahamali wanne walikuwa pale mlangoni wanasikiliza.

Nikasema: “Hakusema Pokea.”

Wote wanne wakaitikia kwa kichwa. Ni kweli, hakusema. Mambo yakaisha hapo. Wafula aliangalia ukurasa wa nyuma, palipoandikwa sheria yangu, akalifunga daftari. Mwoga yule.

Jumatano, 30 Oktoba

Sipati usingizi wa mchana wala hamu ya chakula. Basi niandike, hasomi mtu.

Chuma kilishuka vizuri. Kikatulia moja, kama nilivyomfundisha. Kikapanda mpaka nusu, kikasimama. Mimi nilikuwa kichwani pake, mikono yangu iko umbali wa shubiri. Nikaliona gumba liko nje. Nikajisemea: ngoja. Ngoja kidogo aone. Mara moja tu aone mwenyewe, asisikie kutoka kwangu.

Sikutaka avunjike. Wallahi sikutaka. Nilitaka aogope.

Nikangoja. Mkono wa kushoto ukaanza kutetemeka, chuma kikabingirika kiganjani, na hapakuwa na gumba la kukizuia.

Vidole viwili vingetosha.

Jumamosi, 9 Novemba

Kalama kaja bandani, mkono kifuani umefungwa kwa leso ya mkewe. Nilidhani kaja kunisema. Kaja kunisafisha! Kasimama mbele ya watu wote akasema makosa ni yake, yeye hakusema neno, na Bwana Karani asilaumiwe na mtu. Mahamali wakafurahi. Wakanipa mkono mmoja mmoja, nami nikapokea mikono yao yote.

Nyumbani nikamweleza Mwanakheri. Akaacha kukuna nazi. “Na wewe ukasemaje?”

Nikasema, niseme nini, mwenyewe kakiri.

“Wewe wajua kuhesabu makosa ya watu,” akasema. “Mtu huyo yuwalala kitako kwa kuumwa na ubavu. Nami nimempelekea mkewe unga mara mbili, wewe hujapiga hodi pale hata siku moja.”

Nikamwambia mambo ya vyuma hayajui. Akarudi kwenye mbuzi yake. Alikuna kwa hasira mpaka kifuu kikatoka na nazi, na wali wa leo una vifuu ndani.

Jumapili, 24 Novemba

Sasa mimi ndiye wa Likoni. Hakuna mwingine. Watu wananiamkia barabarani, hata wale wazee ambao kazi yao ni kubishana kuhusu bendera ya mwambao.

Changamwe watamleta mtu wa karakana ya reli. Nimekwenda kumtazama. Makalio anayanyanyua kwenye benchi akisukuma, anajipinda kama ngamia anayeamka. Atakuja kuvunjika kiuno. Lakini kabla ya kuvunjika atanyanyua mia mbili na thelathini, nimehesabu.

Kwa hiyo nahitaji mia mbili na arobaini. Bega la kulia limezidi kuuma. Kuvaa shati nachukua muda. Ingekuwa mwanafunzi wangu, ningemfukuza bandani mwezi mzima na kumwita mpumbavu.

Nafanya mazoezi peke yangu. Nani atasimama kichwani? Wafula? Siku ile nilipomjaribu alifumba macho.

Jumatatu, 9 Desemba

Nimekwenda kwa Kalama. Mwanakheri alinipa kikapu na kunifungulia mlango.

Mkewe akanipa kahawa na akatoka. Kalama kanionyesha mkono: unafika usawa wa bega, haupiti hapo. Gatini wamemwambia arudi kuwaona baada ya mwaka mpya, bila kumwahidi kitu. Nikaanza kumweleza jinsi ya kuuzoeza kwa kitu chepesi, kwa taratibu, kiwiko karibu na mwili. Nilisema sana. Aliniacha niseme.

Kisha akasema, “Wewe, Bwana Karani, kazi yako kuhesabu. Siku ile nami nilihesabu.”

Nikaweka kikombe chini.

“Moja, kikasimama. Mbili, nikakuona uso. Kutoka pale chini uso wa mtu waonekana vizuri. Tatu, mkono ukafa ganzi.”

Nikasema, hukusema Pokea. Nilijisikia nikilisema na nikatamani kulirudisha.

“Sikusema. Na wewe ulitwambia hutangoja tuseme.” Hakuwa na hasira, na hilo lilinichoma zaidi. Alikuwa ananieleza tu, kama mtu anayesahihisha karatasi ya magunia. “Watu wote bandani walilisikia, na Wafula aliliandika. Lakini mimi nikasema makosa ni yangu, ili ukae chini ya mzigo huo.”

Sikumwelewa vizuri. Sasa ninaandika ndipo naelewa.

Nilipokuwa naondoka akasema Alhamisi atasimama yeye kichwani pangu. Ameshamwambia Wafula, na Wafula amefurahi sana, ameona ni jambo zuri la siku ya Uhuru. Nikamwuliza na mkono huo?

“Vidole viwili vinatosha. Si maneno yako?” Akanifungulia mlango kwa mkono mzima. “Ila mimi ni hamali, Bwana Karani. Mimi nangoja neno.”

Jumatano, 11 Desemba

Naweza kukataa? Nimelifikiria tangu juzi. Nikikataa nitatoa sababu, na sababu zote zinaishia siku ile. Naweza kusema bega linauma — kweli tupu, na hakuna atakayeamini, maana wiki nane nimewaambia ni zima. Naweza kunyanyua mia mbili na ishirini tu na kushindwa kwa heshima. Heshima gani? Nimewaita wenzangu wajinga miaka sita.

Mwanakheri anafunga mapambo ya karatasi mlangoni, nyeusi, nyekundu, kijani. Aliniuliza kama nimemwomba Kalama radhi. Nikasema nimempelekea kikapu. Akasema kikapu kilikuwa chake.

Alhamisi, 12 Desemba

Naandika nyuma ya karatasi ya magunia, nitaibandika daftarini nikirudi. Niko nyuma ya turubai uwanjani. Ngoma, watoto, vumbi, hotuba ya tatu inakwisha. Bendera iko juu tayari. Nimeitazama na nimefurahi kama mtu mwingine yeyote, niandike hilo pia.

Mtu wa Changamwe kanyanyua mia mbili na thelathini na tano. Makalio hewani, na mwamuzi anamtazama usoni! Hajui hata pa kutazama.

Nimepasha moto kwa chuma kitupu, nimefuata yote. Nyayo, mabega, kifundo. Chuma kikipita usawa wa kifua, bega la kulia linachoma kama limepigwa msumari. Ratili hamsini tu hizo.

Kalama alikuja, akaniamkia vizuri, akanishika mikono yote miwili. Akalikagua gumba moja, kisha la pili, kuona kama yanajua kuzunguka. Akasema, “Uko sawa.” Nilitaka kumwambia pale pale. Nilikuwa nayo maneno. Mwamuzi akatokea na chaki ya kupaka mikononi, na mimi nikaanza kumweleza mwamuzi kosa la yule wa Changamwe. Nilipogeuka Kalama alishaondoka.

Nina umri wa miaka arobaini na moja. Sijapata kumwambia mtu Pokea. Nimelijaribu sasa hivi hapa nyuma ya turubai, kwa sauti ndogo. Mama mmoja muuza mahamri alikuwa anapita, akasikia, akatua sinia na kuninyooshea mikono. Sikuwa na kitu cha kumpa. Akacheka akaenda zake.

Wafula ameita jina langu kwa kipaza sauti. Ameita pia jina la Kalama, na watu wanampigia makofi zaidi kuliko mimi. Kwa tundu la turubai namwona: amevua koti, amesimama kichwani pa benchi, mkono wa kulia tayari, wa kushoto umefika usawa wa bega. Midomo yake imefungwa. Wafula anaita mara ya pili