Siku Waliyonisikiliza

Jumapili, Buyenzi. Mvua imekatika muda si mrefu, mbingu bado imenuna, na mimi pia.

Nimerudi kutoka hospitali na viatu vyenye tope, nikaswali alasiri, na sikuomba kitu. Niliona haya. Kesho saa nne asubuhi lazima nikabidhi ripoti yangu chuoni. Kurasa zote zimejaa isipokuwa mmoja, na huo mmoja nimekuwa nikiukwepa tangu Jumatano.

Nieleze, maana si wote mnaopita hapa mnanijua. Niko mwaka wa tatu, nasomea huduma ya majeraha ya michezo. Kwa maneno mepesi: mchezaji akiumia, sisi ndio tunaotakiwa kujua kama anaendelea kucheza, anatoka, au anakimbizwa hospitali. Baba yangu ni fundi magari, anasema nasomea gereji ya watu. Mama ametangaza mtaa mzima kwamba nasomea udaktari, na sijawahi kumsahihisha.

Chuo chenyewe sikitaji. Tuko wanafunzi kumi na tisa na bandeji moja ya kubana. Tunamfunga mmoja kifundo cha mguu, tunaibandua, tunamfunga wa pili, hivyo hivyo mpaka wa mwisho anafunga kitambaa kisichoshika hata vumbi, na profesa anasema très bien, vizuri sana. Mimi ni mmoja wa waliopata alama nzuri kwa bandeji isiyoshika. Zamani nilikuwa nikisimulia hilo ili watu wacheke.

Miezi mitano sasa niko kwenye mafunzo ya kazi, stage kama tunavyosema hapa, na timu moja ya mpira ya daraja la pili. Mwanamke ni mimi peke yangu. Msimamizi wangu ni Monsieur Prosper, anayewakanda na kuwatibu wachezaji, na ambaye mechi nyingi haji, ananiachia begi. Kwa miezi hiyo yote jina langu lilikuwa Dada wa Maji. Nikisema huyu msuli umechanika, apumzike wiki mbili, kocha anageuka kumwuliza mzee anayetunza jezi. Mzee anasema apakwe mafuta ya mawese ya moto, akandwe, aingie. Anaingia. Mara nne niliwaambia mtu ataumia zaidi, na mara nne aliumia zaidi. Hakuna aliyekuja kuniambia, Dada, ulisema kweli.

Kwa hiyo nilikuwa nimejaa hadi shingoni. Sisemi hivyo ili kujitetea. Nasema kwa sababu bila hilo mengine hayaeleweki.

Jumamosi ya wiki iliyopita tulicheza kwenye kiwanja kimoja cha upande wa Kajaga. Jua lilikuwa kali, na upepo wa ziwani unatupa vumbi machoni. Tulikuwa tunaongoza bao moja. Trésor, beki wetu wa kati, ana miaka ishirini, alipanda kupiga mpira wa kichwa na mshambuliaji wao naye akapanda. Niliusikia mgongano wa vichwa vyao nikiwa benchi. Yule mwingine aliamka akijishika paji la uso. Trésor alibaki chini.

Monsieur Prosper hakuwepo, alikuwa na harusi. Nilichukua begi nikakimbia.

Nilipofika alikuwa ameshaketi, anapepesa macho kama mtu aliyeamshwa ghafla. Kwa kichwa kilichogongwa tuna maswali matano. Tuko kiwanja gani? Ni kipindi cha ngapi? Nani amefunga bao la mwisho? Mechi iliyopita mlicheza na nani? Mlishinda? Ni maswali ya kitoto, lakini ubongo uliotikisika unayakosa. Akikosa hata moja, anatoka na siku hiyo harudi. Chuoni tulipewa kadi ya Kifaransa, mimi nikayageuza Kiswahili, nikayakariri, nikajiona nimemaliza kazi.

Jambo ambalo kadi haisemi, kwa sababu aliyeiandika si wa kwetu, ni kwamba kwetu mgonjwa hajibu peke yake. Nenda dispensari na homa yako uone. Muuguzi anauliza imeanza lini, mama anajibu juzi, shangazi anamsahihisha kwamba ni siku ya kabla ya juzi, na jirani aliyewasindikiza anaongeza kwamba hata kula hukula. Wewe mwenyewe umekaa tu na homa yako. Si utovu wa adabu, ni mapenzi. Kumwacha mtu peke yake na swali akiwa anaumwa tunaona ni ukatili. Nimekulia humo. Kwa hiyo, ya kwanza kabisa niliyopaswa kufanya, kuwafukuza wote hatua kumi nyuma, haikunijia hata kichwani.

Walikuwa saba wamemzunguka. Issa, nahodha, ambaye wamekua naye mtaa mmoja kule Gasenyi, alikuwa amepiga goti, mkono begani kwake.

Nikauliza tuko kiwanja gani. Trésor akasema, "Ku... ku Kajaga." Hilo alijibu mwenyewe.

Nikauliza kipindi. Akamtazama Issa. Issa akasema chini chini, cha pili, na Trésor akasema cha pili. Nikauliza nani kafunga bao la mwisho. Akamtazama tena Issa. Halafu Issa akamtikisa bega, "We bwana, si ni weye mwenyewe? Na kichwa!" Wote wakacheka. Trésor naye akacheka, akasema, "Ni mimi." Mawili yaliyobaki yalikwenda hivyo hivyo, kwa kicheko, na huku mwingine anamfuta vumbi usoni.

Sasa hili ndilo ambalo sijamwambia mtu. Niliona. Sikudanganywa. Kabla ya kila jibu niliona macho yake yakihama kutoka kwangu kwenda mdomoni kwa Issa. Nilijua maana yake. Ningeulizwa swali hilo kwenye mtihani, ningeandika bila kufikiri: mchezaji atoke.

Kocha akapaza sauti kutoka mstarini: "Da! Sema we! Anacheza ao hachezi?"

Mzee wa jezi alisimama kando yake, na siku hiyo hakuulizwa yeye. Refa alikuwa ananisubiri. Wale saba walikuwa wananisubiri.

Nikainua kidole gumba.

Haikupita robo saa. Mpira ulikuja juu, wa kawaida kabisa, hata haukuwa na nguvu, Trésor akaupiga kwa kichwa kama alivyopiga mingine mia. Akatembea hatua chache kuelekea upande usio wake, akatapika, akaanguka. Safari hii hakuketi.

Miezi mitano nililia ndani kwa ndani kwamba hawanisikilizi. Siku pekee waliyonisikiliza ndiyo siku niliyosema uongo.

Hospitali walikuta damu imevuja kidogo kichwani. Hawakumpasua, lakini siku mbili hakutoa neno. Sasa anaongea. Mkono wa kushoto hauna nguvu, kijiko kinamponyoka, na kila kitu anakiona viwili. Daktari alituambia kwenye korido, bila kuzunguka, kwamba mpira basi. Sio msimu huu tu. Basi. Trésor aliacha shule ili acheze, na hakuna kingine alichowahi kukijua.

Siku mbili za mwanzo nilimchukia Issa, na niseme kweli, ilikuwa raha. Nilimpangia maneno nitakayomwambia. Halafu Jumatatu nikakutana naye uso kwa uso karibu na soko. Alikuwa amekonda. Alivuka barabara asinisalimie, na nikaona kwamba anadhani ni yeye. Nilipaswa kumkimbilia nimwambie, kaka, wewe ulifanya ambalo yeyote angemfanyia rafiki, mwenye kadi nilikuwa mimi. Nilimwacha akaenda.

Jumatano Monsieur Prosper aliniita mkahawa mmoja wa Rohero, akaniagizia chai, akaniita mwanangu. Sijawahi kuwa mwanawe. Akasema timu imeshazungumza na familia, imewaeleza kwamba ni bahati mbaya ya mchezo, na familia imekubali mapenzi ya Mungu. Kilichobaki ni ukurasa wangu mmoja.

"Andika kama alijibu ye mwenyewe maswali yote tano," akasema. "Karatasi inasema akijibu, anarudi. Tulifuata karatasi, basi. Ukiandika ingine, unajichoma we, unanichoma na mi. Na mukono ya Trésor, itapona sababu umeandika?"

Kinachoniuma ni kwamba hilo la mwisho ni kweli. Mkono hautapona. Ningempata anadanganya kila neno ningekuwa na nafuu. Sikumwuliza harusi ilikuwaje. Nilikunywa chai yake nikamwambia nitafikiria, na yeye ndiye atakayenipa alama.

Nikiandika anavyotaka, timu inanawa mikono, mimi nahitimu, na Mungu anabebeshwa kosa langu. Nikiandika kweli, huenda miaka yangu mitatu imekwenda na maji. Wahenga walisema wengi wape. Kwenye kile kiwanja niliwapa wengi, na kijana mmoja ndiye aliyelipa.

Leo nilikwenda kumwona. Nilikusudia kusimama mlangoni tu. Mama yake akaniona. Ni mwanamke mfupi, alikuja hapa kutoka Uvira akiwa bado msichana, anauza samaki wakavu. Akanishika mikono yote miwili, mbele ya wagonjwa wote.

"Ni weye uliangalia mutoto wangu. Bale bengine walibaki ku kiwanja. We ulipanda naye mu gari, ukamushika kichwa mupaka hapa. Mungu akuongezee, mwanangu. Sina kitu ya kukulipa."

Akafunua sufuria, akanipakulia ugali na mboga za lengalenga, akasimama pembeni mpaka nimalize. Nilitaka kusema nimeshiba. Lakini huwezi kumkatalia chakula mama wa mgonjwa, kwa hiyo nilikula kila kitu, nikaramba na vidole kama heshima inavyotaka. Kilikuwa kitamu, na hilo ndilo lililonikera.

Trésor alikuwa amekaa, mto mgongoni. Alifumba jicho moja ili anione mmoja. Tulizungumza kuhusu mvua, kuhusu mgonjwa wa kitanda cha pili anayekoroma. Halafu akawa anaangalia mkono wake wa kushoto uliolala juu ya shuka.

"Da, mi sikumbuki kitu ya ile siku. Wanasema uliniuliza maswali. Nilijibu bien?"

Ilikuwa nafasi. Hakukuwa na kocha wala refa, hakuna aliyekuwa na haraka, na mtu mwenyewe ananiuliza kwa mdomo wake.

Nikamwambia, "Ulijibu vizuri."

Akatabasamu. Mama yake akasema kwa fahari, akikunja kanga, "Huyu ana akili toka utoto."

Nikatoka. Nilitembea kwenye mvua bila kujifunika, mtu mzima na akili zangu, kama vile mvua ina kazi na mimi. Jumamosi ile nilidanganya uwanja mzima kwa kidole kimoja. Leo nimemdanganya mgonjwa kitandani, nimeshiba ugali wa mama yake. Ukiangalia vizuri, naendelea kuwa mbaya, siendelei kuwa mzuri, na hakuna kadi itakayonitoa uwanjani.

Basi nimeuandika ule ukurasa. Nimeuandika sasa hivi, kabla ya hii, na ni mfupi kuliko nilivyoogopa: mchezaji alijibu swali la kwanza peke yake, manne yaliyobaki alijibiwa na wenzake, mwanafunzi aliyekuwa zamu aliona hivyo akamruhusu arudi. Chini jina langu lote, la baba na la babu. Monsieur Prosper atasoma atakavyosoma. Kwa Issa nitapita nikitoka chuoni, akivuka barabara na mimi nitavuka.

Lakini ripoti ni saa nne, na hospitali wanafungulia wanaoletea wagonjwa uji saa moja. Nitaanzia huko. Aliyeniuliza ni Trésor, hakuniuliza profesa. Nataka na mama yake awepo. Naomba tu asinipakulie kitu kabla sijasema.

Nimekaa hapa kibarazani nikijizoeza. Sehemu ya kwanza naiweza: Trésor, hukujibu, walikujibia. Hata ya pili naiweza: niliona. Ni ile ya tatu. Yeye si mjinga, ataniuliza, sasa kama uliona, kwa nini? Nimejaribu kumtajia jua. Nimejaribu kelele, haraka ya refa, harusi ya Monsieur Prosper. Nimejaribu hata kusema niliogopa, na ningependa sana iwe hivyo, maana mwoga husamehewa.

Sikuogopa. Wote walikuwa wananitazama mimi, na nilipenda.