Maegesho Namba Nne

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini wewe, shemeji na wapwa zangu mmeamka salama, na goti la shemeji limeanza kusikia dawa. Mimi mwili ni mzima, ila kichwa hakijui kushoto wala kulia. Nimechukua kalamu kwa sababu kwenye simu ningekata katikati.

Barua yako nimeisoma mpaka imechanika kwenye mikunjo. Unasema umesimamishwa kazi kwa sababu mara kumi na nne mfumo mpya wa kompyuta ulipeleka ndege kubwa maegesho namba nne, na wewe ukaihamisha, na Ijumaa unaitwa mbele ya kamati. Miaka kumi na tisa unapanga ndege kwenye kiwanja hicho, leo unaniuliza kama macho yako yamekwisha! Umekwenda hadi kwa daktari, akasema yako sawa kwa umri wako, nawe ukasikia neno umri tu. Dada, hapo ulinikata maini.

Basi nikaanza kutafuta. Mfumo ni mmoja kwa viwanja vyote sita. Ukigusa kitu huko, sisi huku makao makuu tunaona papo hapo. Nilikagua kila kompyuta, nikamsumbua fundi wa mtandao mpaka akaniambia nikanywe maji nipumue. Nikapiga simu viwanja vitano, wote wakasema kwao shwari. Mpanga ratiba wetu akanong'ona kwamba watu wa zamani hawapatani na kompyuta. Nilimkasirikia, halafu, nisamehe, nikaingiwa na shaka. Kwenye skrini namba nne ina upana wa mita arobaini na mbili, na mabawa ya ndege ile ni thelathini na sita. Wewe unaapa bawa litagonga mnara wa taa. Nilizunguka na hesabu hiyo siku tatu, kila nikilala na jibu hili naamka na lile.

Jana nikampigia yule askari wa zimamoto wa hapo kwenu anayekuita Shangazi, nikamwomba apime namba nne kwa futi kamba. Akapata mita thelathini na tano. Anasema mistari ilisogezwa walipopanua barabara ya magari yao, zamani kidogo. Macho yako ni mazima, Dada. Bawa lisingepita.

Sasa sikiliza mpaka mwisho. Karatasi ya ukaguzi wa kiwanja chenu, ule uliofanywa kabla mfumo haujawashwa, inasema maegesho yote yalipimwa moja baada ya jingine. Sahihi iliyo chini ni yangu. Sikupima hata moja. Nilikuja kwenu nikitoka viwanja vinne mfululizo, ukaniona nasinzia nikiwa nimesimama, ukaniambia nijinyooshe kwenye kochi lako, maegesho hayakimbii. Niliamka wakati wa kuondoka. Nikanakili vipimo kutoka mchoro wa zamani, na ndivyo vilivyoingizwa kwenye mfumo.

Leo asubuhi nimempelekea mkuu karatasi hiyo na maelezo yangu, nakala imekwenda kwa kamati yenu. Hakugomba. Aliniomba tu funguo za chumba cha mitambo, nikampa, nikatoka. Sijui nimefukuzwa au vipi, na sikuwa na ujasiri wa kuuliza.

Nisalimie shemeji na watoto wote. Mama usimwambie kwanza, nitamwambia mwenyewe.

Nawe nakujua. Ijumaa utasimama uwaambie kwamba aliyenilaza ni wewe. Nakupigia magoti, Dada, usiseme.

Ni mimi mdogo wako,
Kichwamaji