Karatasi ya Pili ya Rahma

Jumatano, baada ya Magharibi

Mkono huu huu ndio uliompa shangazi yake Rahma karatasi ile ya majibu ya damu, pale maabara ninapopima. Nlidhani ndiyo adabu: mtu mzima kanyoosha mkono, nimpite nimpe binti? Kumbe nlikuwa naupa mtaa mzima wa Jang'ombe. Kaswende. Wa upande wa mume ndio waliotaka kipimo kabla ya ndoa, na wiki haikwisha uchumba ukavunjwa.

Nami nlijua kuwa hakijafanywa kipimo cha kuthibitisha.

Leo majibu ya kipimo hicho yamerudi. Rahma hana kaswende, wala hajapata kuwa nayo. Daktari anasema ni lupasi: kinga ya mwili wake inampiga yeye mwenyewe, na hiyo ndiyo iliyokidanganya kipimo changu cha kwanza. Kumbe ndiyo sababu ya vidole vyake kuvimba na wekundu ule wa mashavuni, ambao sote tuliuona tukanyamaza. Sasa naziogopea figo zake, maana ugonjwa huu hushika hata figo.

Shangazi alinyoosha mkono tena. "Niwie radhi, Bi Mkubwa," nikasema, nikampa Rahma.

Akaisoma polepole, hakulia. Aliyelia ni shangazi. "Tuandikie na barua, mwanangu, tuwapelekee waliovunja uchumba wakaone!"

"Usiandike," Rahma akaniambia. "Karatasi ya kwanza waliiamini bila ya kuniuliza. Ya pili ya nini?"

Alikuwa anawasema wao. Lakini siku ile ya karatasi ya kwanza mimi ndiye niliyekuwa mbele yake, na mimi pia sikumuuliza.