Ua la Nyuma ya Tangi

Jumatatu, 4 Machi
Maonyesho ya mke wangu ni Jumamosi. Ukumbi wa kusomea wa maktaba — na mimi ndiye mkata majani wa maktaba hiyo hiyo! Picha kumi na moja za maua ya porini, rangi za maji, zimeshatundikwa. Yote nilimwonyesha mimi, kabla sijayafyeka. Msimamizi wetu kasimama mbele ya picha ya tatu, kauliza maua haya huagizwa nchi gani. Nikamwambia ameyakanyaga asubuhi.

Jumatano, 6 Machi
La kumi na mbili limechanua nyuma ya tangi la maji. Dogo, la buluu, petali tano. Linafunguka saa tatu, saa sita limeshajifunga kama duka la mtu aliyechoka na wateja. Ukilichuma, linanyauka hujafika mlangoni. Nikashauri alipige picha kwa simu, achoree nyumbani.
"Simu inasema buluu. Buluu ipi, baba watoto?"
Leo kapata shina na majani tu.

Alhamisi, 7 Machi
Mawingu. Ua limegoma.
Amri ya msimamizi: kiwanja chote kiwe safi kabla ya wageni, hadi nyuma ya tangi. Akikuta gugu moja, nitafute kazi kwingine. Nikauliza wageni wanakuja kutazama nini. Maua, akasema. Hakucheka. Na mimi sikucheka — miaka kumi na tisa kazini si mchezo.

Ijumaa, 8 Machi
Nimekata mbele, nimekata ubavuni, kingo nimezichonga kama kinyozi. Kufika kwenye tangi mashine "ikazimika". Plagi ya injini nimeichomoa, iko mfukoni, ya moto bado. Paja limejuta.
Petali tatu kazichora tayari! Buluu ile ile, nimelinganisha mwenyewe. Fremu ya kumi na mbili iko ukutani, tupu. Mama watoto kasema iachwe. Anayeuliza aambiwe ua bado linavaa.

Jumamosi, 9 Machi
Saa nne na nusu. Naandika nikiwa kando ya tangi.
Ukumbi umejaa. Watu wanaonyeshana maua ya njia wanayopita kila siku, kama wamekutana na ndugu. Shati halikitoshi kifua changu. Mgeni wa heshima kaona fremu tupu, kaambiwa ua linavaa, kacheka, sasa anataka kuja huku amwone mchoraji.
Msimamizi katangulia mbio. "Atatukuta na magugu!" Kavuta kamba ya mashine. Kavuta tena. Jasho. Kalaani mashine za siku hizi. Plagi imetulia mfukoni.
Mke wangu hata kichwa hajainua. Imebaki petali moja. Kaniambia tu nisogee, namzibia mwanga.
Nasikia viatu vya wageni kwenye kokoto. Msimamizi kaniletea fyekeo. "Kata, mzee! Sasa hivi!"
Nimelipokea kwa mikono miwili.
Nimelikalia.