Binti Igunga na Pilau la Ukweni

Shangazi Elinipa, mshauri wangu mpendwa, shikamoo. Naomba msaada wako na naomba uniwahi, maana harusi ya wifi yangu imekaribia na mimi ndiye niliyeivuruga, ila hakuna anayejua kwamba ni mimi, na hapo ndipo raha yote inaponiishia.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, naishi Sofu hapa Kibaha, mzaliwa wa Igunga, kazi yangu ni karani ofisini, na mume wangu Bilali ni Mzaramo wa Kisarawe, kwao ni Masaki, ile ya Kisarawe, siyo ya mabalozi. Ukweni wananiita "Mnyamwezi wetu" kwa kuwa niko peke yangu, na kwa utani hawanipumzishi. Mwaka jana nilifungua blogu ya mapishi, nikajiita Binti Igunga ili nisijulikane, kwa sababu nilisikia watu wakisema ukiwa na blogu unapata wasomaji na ukipata wasomaji unakuwa mtu, lakini Shangazi, hakuna aliyeniambia kwamba miezi yote ya mwanzo msomaji ni wewe mwenyewe, unaandika, unafungua kwenye simu, unafungua tena kwenye kompyuta ya ofisini, unaona wamesoma wawili unafurahi, kumbe wote wawili ni wewe. Hakuna aliyeniambia pia kuhusu picha, kwamba mchicha wa nazi hata uwe mtamu vipi kwenye picha unaonekana matope, na kwamba lazima uusogeze dirishani, ubadilishe sahani, upande juu ya stuli, mpaka siku hizi Bilali akikaa mezani anauliza, "Tunakula, au chakula bado kinapigwa picha?" Niliandika namna ya kuloweka choroko, nikaandika kuhusu mlenda na matobolwa ya kwetu, vile viazi vitamu vya kukausha, makala moja inanichukua wiki nzima, bando linakwisha, na hakuna anayeweka hata neno, isipokuwa mtu mmoja aliyekuwa anauza dawa ya kuotesha nywele.

Basi kukawa na maulidi ukweni. Desturi ya pale kwao, kila mwanamke anayekuja jikoni anakuja na mchele wake kidogo ameufunga kwenye kanga, unamiminwa kwenye ungo mmoja, unachambuliwa na kupikwa pamoja, na mimi nilikwenda na wangu wa kwetu, mpya, ndiyo kwanza umetoka shambani, mama aliniletea kwa basi, nikaumwaga pale kwa majivuno kabisa. Mpishi alikuwa Bi Zubeda, shangazi yake Bilali, ambaye shughuli zote za ukoo anapika yeye, hata harusi yangu alipika yeye na sikuona kasoro. Siku hiyo pilau likatoka la ajabu, punje nyingine zinagonga meno, nyingine zimekuwa bokoboko. Nikarudi Sofu nimechoka, nikaandika makala harakaharaka bila hata kusahihisha, nikaipa jina "Mwiko Mkubwa, Maji ya Kubahatisha", mpishi sikumtaja, niliweka tu picha ya sufuria kwenye mafiga, nikalala.

Shangazi, kulipokucha ilikuwa imesomwa kuliko makala zangu zote ukizijumlisha. Watu wanacheka, wanaandika, "Binti Igunga tupe nyingine," na mimi, nasema kweli, nilifurahi, nikawapa nyingine, kuhusu mpishi huyo anavyofumba macho akionja mchuzi. Haikupita wiki skrinshoti zikaingia kwenye grupu la WhatsApp la ukoo, na sufuria yao wakaitambua. Nikafuta makala zote mbili, lakini nilikuwa najisumbua, kila mtu alikuwa nazo kwenye simu yake. Bi Zubeda mambo ya simu hayajui, akasomewa na wajukuu. Aliosha mwiko wake, akauviringisha kwenye gunia, akamwambia mama mkwe kwamba harusi ya Mwanaasha watafute mpishi mwingine, maji yake yeye ni ya kubahatisha.

Sasa Mwanaasha, wifi yangu, analia, anasema bila shangazi yake kusimama jikoni ataona kama kaolewa kwa watu baki. Na mama mkwe, ambaye ananipenda, kila akipiga simu lazima aniambie, "Mwanangu, wewe ndiye mtu wa kompyuta humu ndani, hebu nitafutie huyo Binti Igunga. Ukimpata mwambie sina ugomvi naye, aje tu jikoni tuzungumze." Na mimi naitikia, "Sawa mama, naendelea kumtafuta." Hata Bilali sijamwambia. Nimefikiria kuandika makala ya kuomba radhi kwa jina hilohilo la Binti Igunga, ili Bi Zubeda asomewe, arudi jikoni, na mimi nibaki salama, au basi niifunge blogu kabisa, ingawa roho inaniuma kwa sababu sasa wasomaji ninao. Nifanye lipi? Tafadhali usitoe jina langu.

Mwenye Hofu,
Sofu, Kibaha

*

Mwenye Hofu, marahaba. Jina lako sikulitoa kama ulivyoomba, na ya wengine nimeyabadilisha yote, ila hilo pilau sijui nilibadilishe vipi.

Kwanza pole. Kuandika wiki nzima kuhusu choroko halafu ukajisoma mwenyewe kwenye simu na kompyuta si jambo dogo, na wengi huishia hapo, blogu zao zimejaa vumbi huko mtandaoni. Wewe uliendelea. Hapo nakupa tano.

Pole yangu imeishia hapo. Sasa kaa vizuri nikuseme.

Barua yako umeisoma kabla ya kuituma? Umesema mwenyewe kwamba kila mwanamke alikuja na mchele wake. Kuna wa dukani, kuna uliokaa kwenye pipa tangu mwaka juzi, na kuna wako mpya kutoka shambani, wote ungo mmoja, sufuria moja. Mchele mpya ukiupa maji ya mchele wa zamani unakuwa uji, hilo mwandishi wa mapishi hukulijua? Mimi sikuwepo, lakini hilo bokoboko uliloliandika naona ni la kwenu Igunga kabisa. Bi Zubeda angeweza kusema, "Huu sawa, huu rudi nao." Pilau lingenyooka, na wewe mgeni ungekuwa wa kwanza kurudi na kanga yako umenuna. Aliupokea mchele wako, akaubeba na lawama zake. Asante yake ikawa makala.

La pili limenichekesha mpaka chai ikanipalia. Wewe ni Mnyamwezi uliyeolewa na Wazaramo. Hao si watani zako? Ruhusa ya kumsema mpishi ulikuwa nayo tangu enzi za mababu! Ungesimama palepale jikoni ukasema, "Nyie Wazaramo, hili ni pilau au mnatung'oa meno?" jiko zima lingeangua kicheko. Bi Zubeda angekurudishia ya matobolwa mpaka ukome, angekupakulia makoko ya chini ya sufuria, na mngelala salama. Maneno ni yaleyale. Lakini ukayabana mdomoni, ukaenda kuyamwaga kwa watu ambao hawajawahi hata kuonja chakula chake. Mtani unamwambia usoni ili naye akujibu. Bi Zubeda akujibu wapi? Hana blogu.

Na hao wasomaji unaojivunia, wala hawakuja kwa ajili ya choroko. Walikuja kusikia mtu anasemwa. Uliwapa Bi Zubeda, kesho watataka mama mkwe, na ukishamaliza ukweni atabaki Bilali. Hilo nalo hukuambiwa wakati unafungua blogu, basi nakuambia mimi. Usiifunge. Rudi kwenye mlenda wako, uandike polepole, na watakaobaki hata kama ni wachache, hao ndio wako. Na chakula cha watu waache wale kikiwa cha moto! Pakua sahani moja ya picha, ukimaliza kuipiga, hiyo iliyopoa ndiyo iwe yako.

Kuomba radhi kwa jina la Binti Igunga, usithubutu. Umemuumiza mtu mzima anayeamka alfajiri kuwapikia wote, halafu unataka akusamehe bila kukujua? Acha hizo.

Fanya hivi. Leo mwambie Bilali, asije akayasikia kwenye grupu. Siku usiyokwenda kazini nendeni Masaki, na simu iache kwenye mkoba. Pita uani, umkute Bi Zubeda, umpigie magoti, umwambie, "Shangazi, Binti Igunga ni mimi." Habari za maji usizitaje kabisa. Usimwambie ulikuwa unatania, maana hukutania. Akianza kukusema, na atakusema sana, mwache amalize, hiyo ni haki yake na utani wake. Akinyamaza, omba kazi. Siku ya harusi wewe ndiye uchambue mchele, wewe ndiye uchochee kuni, na moshi wote uwe wako. Mimi naona ule mwiko utatoka kwenye gunia, walau akuone ukilia machozi ya moshi mbele ya wifi zako. Na akikubali kurudi, mwambie Mwanaasha wewe mwenyewe, maana machozi yake yametoka kwako.

Unaogopa mama mkwe akijua. Haya, nikuulize: katika ukoo wote huo wa Masaki, waliotoka Igunga ni wangapi? Uko peke yako, umeandika mwenyewe. Halafu kujificha kwako ukajiita Binti Igunga! Mwanangu, huyo mama hajawahi kukutuma umtafute mtu. Kila akikupigia simu anakuambia kwamba hana ugomvi nawe, na wewe unamjibu kwamba unaendelea kutafuta.

Nenda jikoni. Amekuita vya kutosha.