Kipa Aliyenyoa Ndevu Kabla ya Mechi ya Saba

Shangazi Wilma mpendwa, shikamoo. Naomba msaada wako, na uwe wa haraka, kabla sijafungua huu mdomo wangu, maana mwenyewe naujua, ukishafunguka hauna breki. Shule niliacha darasa la nane kwa hiyo ukikuta nukta hazipo ujue zimeniishia. Jina langu usilitoe, niite tu Mnoaji.

Mimi ni mwanakamati wa timu yetu ya hoki ya barafuni hapa Kessler na ndiye ninayewanolea wachezaji viatu vya barafu, na pale mlangoni nauza magongo yaliyotumika na glavu zinazonuka kama mwenye nazo alifia humo, na wakati wa mapumziko nachezesha bahati nasibu ya nyama, na theluji ikianguka nasafisha njia za watu kwa pikapu yangu, ikiyeyuka nakata majani na kuzibua mifereji ya paa, yaani ukiwa na kazi chafu na hutaki kuifanya mimi ndiye unayenipigia. Kazi hizo nafanya na shemeji yangu Curtis, mdogo wake mke wangu Noreen, huu mwaka wa tisa, mimi ubongo yeye mgongo, huwa nawaambia watu hivyo na wanacheka sana. Huyo Curtis ndiye kipa wetu. Na huyo Curtis, Shangazi, nadhani ametuuza.

Nusu fainali tulikutana na Radford, wale wenye mgodi wa potashi na majivuno. Tukashinda tatu, wakashinda tatu, ikabaki mechi ya saba, Jumamosi, kwao. Sasa wewe ni mtu wa huku huku, mambo ya ndevu sina haja ya kukufundisha, mtoano ukianza wembe unakwenda kabatini mpaka mtolewe au mbebe kombe. Mimi hata sichezi na nilikuwa nimefanana na beberu. Mchungaji naye alifuga. Mama yake kapteni alisema angefuga kama angeweza, na kusema ukweli anaweza kidogo.

Alhamisi, siku mbili kabla ya mechi, Curtis hakuja kazini. Akatuma ujumbe kwamba jino linamuuma. Sawa, jino ni jino. Mchana nipo kituo cha mafuta nakunywa kahawa naona pikapu yake inarudi kutoka upande wa mashariki, na upande wa mashariki hakuna daktari wa meno, kuna Radford. Akasimama kujaza mafuta, skafu imepanda mpaka chini ya macho, na siku hiyo jua linawaka, theluji yote inatiririka barabarani.

Nikamwambia, "Jino vipi, shemeji?"

"Limetoka."

"Hebu nilione."

"We jamaa, nenda ukanoe viatu."

Nikamsogelea, maana mimi ni mtu wa kusogelea, nikanusa ndizi. Ndizi mbivu, Shangazi, inatoka kwenye jaketi. Na Curtis ndizi hagusi tangu mtoto, Noreen anasema akiiona tu tumbo linapinduka. Nikajisemea hii siyo ndizi, haya ni manukato ya mwanamke, kuna mwanamke Radford ananukia kama saladi ya matunda na shemeji yangu ametoka huko.

Jioni yake mazoezi. Chumba cha kubadilishia nguo kimejaa, watu wanafunga viatu, wanatukanana kama kawaida, Curtis anaingia, anakaa kwenye kona yake, anavua skafu. Uso mweupe kama yai lililomenywa. Hana unywele hata mmoja!

Blaine, kapteni wetu, ndiye aliyeanza. "Nani amekufa?"

Beki mmoja akadakia, "Jamani, huyu mtoto ni wa nani? Mama yake yuko nje anamtafuta."

Wengine wakacheka lakini siyo cheko la raha. Blaine hakucheka. "Curt, kaka. Umefanya nini?"

"Ziliniwasha."

"Zinatuwasha wote! Mimi humu ndani nina mchuzi wa wiki mbili!"

"Nimesema ziliniwasha, Blaine. Twende tukacheze."

Mimi nilikuwa nimepiga goti mbele yake namkagulia makali ya kiatu kwa hiyo niliona wasichoona wao. Alikuwa na alama nyekundu, mstari unaopita juu ya pua, unashuka mashavuni pande zote mbili mpaka chini ya kidevu, kama mtu aliyekandamizwa bakuli usoni. Barakoa yake ya ukipa haiachi alama hiyo, hiyo naijua, mikanda yake nakaza mimi.

Jumamosi tukaenda. Sitasema alidaka vibaya, alizuia mara arobaini na moja, watu wa Radford wenyewe walikuwa wanashika vichwa. Lakini dakika ya nne ya muda wa nyongeza, mbili mbili, kile kisahani cha mpira tunachopiga kwa magongo kinakuja polepole, bibi yangu angekisimamisha na kiatu cha kanisani, kikapita katikati ya miguu yake. Basi. Tumetolewa. Nimebaki nazo kofia za "Mabingwa" boksi zima nimewavisha kuku.

Halafu ule mstari wa kupeana mikono. Nilisimama pale kwenye kigeti naokota magongo. Kocha wao, Wendell Krahn, ambaye kazi yake hasa ni usimamizi wa zamu kule mgodini, alipofika kwa Curtis hakupita kama kwa wengine. Alimshika shingo, akamwinamia, akasema neno moja nikalisikia kwa masikio haya. "Jumatatu." Na Curtis akatikisa kichwa kukubali. Jumatatu! Jumatatu ya nini kama siyo ya kwenda kuchukua chake? Na Jumatatu ilipofika Curtis hakuja kazini, safari hii hata jino hakulisingizia.

Sasa kamati inakutana Jumapili baada ya kanisa kupanga nani abaki msimu ujao. Orodha ina nafasi ishirini, usipoandikwa timu yoyote ya ligi inaweza kukuchukua. Kuna kipa wa miaka ishirini na tatu kutoka Elk Bend tunamtaka, Curtis ana thelathini na nne, magoti yake yanalia kama mlango wa ghala. Meneja wetu Garth amenifuata kwenye mashine ya kunolea.

"Wewe huku chini unasikia kila kitu," akasema. "Curtis tumwandike au tumwache? Mimi kura yangu nitakufuata wewe."

Nikamwambia nipe mpaka Jumapili. Nyumbani nikamgusia Noreen kidogo tu, kidogo sana, akaweka mwiko chini.

"Ukimtaja mdogo wangu kwa jambo hilo mbele ya Garth Stolz, pirogi zako za viazi utakuwa unajichemshia mwenyewe mpaka uzikwe."

Kwa hiyo Shangazi ninyamaze timu ifuge nyoka, au niseme ukweli nife njaa? Curtis mwenyewe sijamuuliza, nitamuuliza nini, wanaouza mechi huwa wanakubali?

Mimi Mnoaji,
Kessler

*

Mnoaji,

Umeniomba nisikutaje, halafu ukaniambia wewe ndiye unayenoa viatu vya timu. Miji yetu hii ina wanoaji wangapi? Nimebadilisha majina ya watu na ya miji, na jibu hili nimekutumia kwa posta kwanza ulipate kabla ya Jumapili. Gazetini litaingia mambo yakishatulia.

Pole kwa kutolewa. Natoka nyumba ya hoki, najua Aprili inavyokaa mtu akitolewa kwa bao la namna hiyo. Unaamka, unakunywa kahawa, unaanza kutafuta mchawi. Wewe umemtafuta ndani ya nyumba yako, na ukampata haraka mno.

Nikuulize. Mtu aliyeuza mechi anazuia mara arobaini na moja ili iweje? Si angeachia la tatu mapema akaenda kuoga? Na tangu lini msaliti akajitia alama usoni? Anayetaka kukuuza anafuga ndevu ndefu kuliko zako, anaimba kwa sauti kuliko wote. Huyo wenu aliingia chumba cha watu ishirini na uso mtupu akijua watamla nyama. Jiulize ni jambo gani lilikuwa na uzito kwake kiasi hicho.

Mimi nadhani nalijua. Marehemu mume wangu alifanya kazi chini ya ardhi miaka ishirini na miwili, na kila Jumapili jioni alikuwa anasimama mbele ya kioo ananyoa, hata mtoano ukiwa umepamba moto, na wenzake walikuwa wanamzomea. Mgodini hawakuajiri kabla hawajakupima barakoa ya kuzuia vumbi na gesi. Ukiwa na ndevu haikai usoni, wanakurudisha nyumbani. Wanakuvisha, wanaikaza mpaka inakuchora pua na mashavu, halafu wanapuliza kitu chenye harufu ya ndizi. Ukiinusa ukiwa umevaa, barakoa inavuja, umeshindwa. Usipoinusa, umefaulu, lakini nguo zako zitanuka siku nzima. Huyo mwanamke wako wa saladi ya matunda ni chupa ndogo, harufu yake nimeifua kwenye nguo za mume wangu mara nyingi.

Na siku ya kipimo hupangi wewe, wanapanga wao. Walimwambia Alhamisi, akaenda Alhamisi. Wendell Krahn ni msimamizi wa zamu, umeniandikia mwenyewe. Jumatatu ndiyo siku wageni wanaanza. Kocha aliyemtoa mtu kwenye mtoano, na keshokutwa yake anampokea kazini, atamwambia nini kwenye mstari wa mikono? Sikuwepo, naweza kukosea. Lakini nakwambia, hata mimi ambaye sijawahi kumwona huyo Curtis ningeweka dau chungu changu cha shaba kwamba hajauza chochote.

Sasa shaka zangu mimi, maana nami ninazo, na ni juu yako. Barua yako yote unalia na timu, lakini mara mbili umehesabu siku ambazo hakuja kazini. Miaka tisa mtu anashika koleo lako, anapanda paa lako, na wewe unamtambulisha kwa watu kuwa ni mgongo. "Wanacheka sana," unasema. Yeye anacheka? Hukuniandikia. Ungeajiriwa mahali pengine ungependa kumwambia bosi wa namna hiyo, ambaye pia ni mume wa dada yako, ambaye pia ndiye anayekunolea viatu, siku mbili kabla ya mechi ya saba, mbele ya timu nzima? Mimi ningesingizia jino. Ningesingizia meno yote.

Hakuiacha timu, Mnoaji. Amekuacha wewe. Na moyo wako ulishajua, ndiyo maana ukatafuta kosa kubwa la kumtwika, kwa sababu msaliti unamfukuza, lakini mtu aliyekuchoka inabidi umsikilize.

Fanya hivi. Kwa Garth usiende na neno la kuuza mechi. Neno hilo likishatoka kwenye mji wa watu elfu moja halirudi, watoto wake watalisikia shuleni na wajukuu wake watalisikia msibani. Noreen amekuonya kwa pirogi kwa sababu anakupenda. Mimi ningekuonya kwa mwiko wenyewe.

Jumapili andika jina la Curtis kwenye orodha, na huyo wa Elk Bend mwandikeni pia, timu ya kipa mmoja ni timu ya wapumbavu. Umesema mwenyewe asiyeandikwa anachukuliwa na yeyote. Nani yuko karibu naye sasa? Nani atakuwa anakunywa naye chai kila zamu? Mkimwacha kwa hasira, Jumatatu saa tatu asubuhi Krahn atakuwa ameshamsajili, na mwakani kwenye mtoano mtakuwa mnampigia nyinyi hivyo visahani. Wa mgodini wanafanya siku nne, wanapumzika nne. Mume wangu alicheza mpaka miaka thelathini na tisa kwa ratiba hiyo. Magoti yake ayapime Curtis mwenyewe, siyo wewe.

Kazi zako za mifereji tafuta mtu mwingine, na huyo mpya mwite kwa jina lake.

Lakini kabla ya kikao, Jumamosi, nenda kwake. Usipeleke mzaha, usimtaje Krahn, usiitaje ndizi. Kaa jikoni kwake, akikumiminia kahawa mwambie, "Shemeji, nasikia umepata kazi. Hongera." Umpe mkono. Mambo ya lile bao usiyaanze. Atayaanza yeye, tena mkiwa hamjamaliza kikombe cha kwanza, na wewe utajua kwa nani linauma zaidi.

Shangazi Wilma